Mkono wa Kwenda

Numbi alishuka kwenye treni ya Luena na mzigo mmoja tu, mrefu kama mtoto wa miaka kumi, umefungwa kwa turubai la bluu na kamba ya katani. Alisimama mlangoni kwangu muda mrefu kabla ya kubisha. Najua, kwa sababu nilikuwa nyuma ya pazia nikimtazama, na mimi pia sikumfungulia mara moja. Watu wenye haya hutambuana hata mlango ukiwa katikati. Nilipofungua alinisalimu kwa mikono miwili, akasema baba yake, Maître Banza mchoraji, walikuwa wamemzika majuma matano yaliyopita kulekule Luena, na kwamba mzigo huu ulikuwa na jina langu. Si jina hasa. Marehemu alikuwa amesema upelekwe Kamina kwa Secrétaire, na watoto walipomuuliza secrétaire gani, maana ofisi za Kamina zimejaa makatibu, akawajibu: "Ngoie. Ule wa mukono ya kushoto." Nilimkaribisha, nikampa maji ya kuoga, nikamwekea bukari, ugali wetu, na samaki wa kukausha. Mzigo tuliuegemeza ukutani kati ya kabati na dirisha. Wakati anakula nilikaa nikiupa mgongo, na bado nilijua uko wapi, kama unavyojua mtu amesimama nyuma yako kanisani. Alipojinyoosha kidogo kupumzisha miguu, niliingia chini ya kitanda nikavuta sanduku la madaftari yangu.

La mwaka ule wa vita lina jalada la kijani na doa la mafuta ya taa kwenye pembe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa nne wa sekondari, na sikuwa na mtu wa kusema naye, kwa hiyo niliandika. Madaftari ya shule niliyaandika kwa mkono wa kuume, kwa sababu mwalimu wa darasa la pili alinifunga wa kushoto kwa kitambaa mpaka wa kuume ukakubali. Daftari la siri niliandika kwa wa kushoto. Nikiyaweka pamoja leo naona watu wawili: yule wa kuume ana herufi nzuri na hana la kusema. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kijani unasema hivi: "Askari wamelala darasani kwetu. Wamechoma madawati mawili. Chumvi haiko sokoni. Leo nimepata kitu ndani ya harmonium." Nimeusoma ukurasa huo mara tatu leo, na mara zote nimetamani yule msichana angefunga kifuniko cha harmonium na kuendelea kupanga vitabu.

Maana ndiyo kazi niliyopewa. Shule ilipofungwa, mjomba wangu, aliyekuwa karani wa kanisa letu la Kimethodisti, alinipa funguo za stoo nikapange vitabu vya nyimbo, kwa hoja kwamba msichana asiye na kazi huzaa maneno. Harmonium, kinanda cha kanisa, ilikuwa imekufa zamani, mifuko yake ya hewa imeliwa na panya. Ndani yake, mahali pa mifuko, palikuwa na ubao wa mti mweusi, mpana kidogo kuliko kiganja, umebanwa kiuno katikati, mgongo umechongwa kama gamba la kobe, na uso umejaa shanga na vijipande vya chuma. Sikuwahi kuuona ubao wa namna hiyo lakini nililijua jina, kama kila mtoto wa Kiluba anavyolijua bila kufundishwa: lukasa. Wazee wanasema maana yake ni mkono mrefu. Zamani ndio uliokuwa kitabu cha ufalme. Waliojua kuusoma waliupapasa kwa kidole huku wakiimba: shanga hii mfalme, hizi ndogo watu wake, mstari huu njia aliyopita. Ulikuwa umeviringishwa ndani ya gazeti, na juu ya gazeti mtu aliyeokoka zamani alikuwa ameandika kwa wino kwamba ameuacha kwa hiari yake, na kwamba asirudishiwe hata akija mwenyewe kuuomba. Hayo maneno ya mwisho yalipigiwa mstari mara mbili.

Siku hiyo Maître Banza alikuwa nje, juu ya ngazi, akipaka upya kibao cha kanisa. Alichora vibao vya mji mzima: vinyozi, maduka ya dawa, masanduku ya maiti. Aliniona kupitia mlango wa stoo na brashi yake ikasimama katikati ya herufi. Alishuka, akaja, hakuugusa. Aliutazama kwa karibu mpaka nikasikia pumzi yake kwenye vidole vyangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama tuko ibadani, "Hii iko picha na iko wimbo. Bankambo, bazee ba zamani, hawakuwa banatenga. Siye tulitenga, njo maana picha zangu ziko bubu." Alitaka niulete kwake, kwa siku chache tu. Mtu mwingine angesema nitamuuliza mjomba kwanza. Kuuliza kulihitaji kusema, na kukubali kulihitaji kutikisa kichwa tu. Nikatikisa kichwa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya stesheni, katika kijumba cha zamani cha kuwekea taa za reli. Taa hazikuwepo tena ila kulabu zilibaki ukutani, safu tatu, kila moja na namba yake, na harufu ya mafuta ya taa haikuwa imeondoka. Dirisha lilitazama reli. Miezi hiyo treni zilikuwa zimekatika, nyasi zimeota kati ya mataruma hadi magotini, na mchana mji wenye njia panda ya reli ulikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia baiskeli ikipita ng'ambo. Kwenye kulabu ya kumi na nne lilining'inia gitaa la Radjabu. Radjabu alikuwa na miaka ishirini, wa familia ya Maniema iliyouza vitenge karibu na msikiti, na baba yake alikuwa amesema gitaa lisilale chini ya paa lake, kwa hiyo lililala kwa Maître. Nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli. Siku ya kwanza alinikuta nimekaa juu ya debe na daftari magotini, akaniuliza jina, nikainamia daftari, akasema basi, huyu ni Secrétaire, na likabaki hilo. Nilimpenda. Naandika hili haraka ili tupite.

Kazi ilikwenda hivi. Mimi nilishika ubao na kupapasa shanga moja baada ya nyingine, nikitaja rangi na ukubwa, kwa sababu Maître alisema kidole cha mtu asiyesema sana ndicho kinachosikia. Radjabu aliipa kila shanga sauti: nyekundu waya mnene, bluu waya mwembamba, kipande cha chuma kubana waya kwa ukucha. Maître aliipa kila shanga mahali kwenye kitambaa kikubwa cha magunia ya unga, yaliyoshonwa na kupakwa gundi ya muhogo. Shanga kubwa yenye ndogo pembeni, ambayo kwa wazee ni mfalme na watu wake, ikawa tangi la maji la mji na nyumba zake. Mstari wa shanga ukawa reli. Mimi niliandika kila kitu ili kesho tuanzie tulipoishia. Radjabu alikuwa akiinama juu ya daftari langu na kuuliza, "Secrétaire, umeandika kama huyu mufalme alikuwa na tumbo ya munkoyo? Andika. Histoire isipotee." Nami nikaandika. Ipo hadi leo, ukurasa wa kumi na moja: mfalme, tumbo, munkoyo, pombe yetu ya mahindi.

Na niliupapasa kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu wa kuume siku ya kwanza, ukaruka shanga, Radjabu akacheka bila ubaya. Sikutaka anione nikibabaika tena. Wa kushoto ulijua njia wenyewe. Ulianza upande wa juu na kuteremka kwenye kiuno hadi chini, bila kusitasita hata mara moja, na ninakumbuka nilijiuliza ni nani aliyeufundisha.

Karibu na mwisho wa njia palikuwa na tundu. Shanga ilikuwa imetoka, na kijiti chake pia, ukabaki mdomo mdogo mweusi. Tulibishana asubuhi nzima tulifanyeje. Maître hakutaka kubuni kitu ambacho wazee hawakukiweka, kwa hiyo alipaacha kitambaa kitupu, upana wa kichwa cha mtu, na katikati zikabaki herufi za bluu za kiwanda cha unga. Radjabu naye akaacha kimya cha mapigo manne. Tulipoijaribu ngoma yote kwa mara ya kwanza ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu ya bati. Alifika kwenye tundu, akaweka kiganja juu ya nyaya, akahesabu kwa kichwa. Kwenye pigo la tatu treni ililia. Si mbali, mlio wa treni inayokaribia njia panda na kuomba ipewe njia. Radjabu akamaliza wimbo, maana mikono ilikuwa imeshazoea, kisha tukatazamana. Maître alitoka nje. Kupitia dirisha nilimwona akisimama kati ya reli mbili, akainama, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa upesi kwa sababu ya joto la jua. Mkuu wa stesheni alikuwa amelala kwenye kiti chake na kofia usoni. Tulisikia Maître akimuuliza, na tukamsikia akijibu kwa uchovu: treni gani?

Tuliicheza tena kesho yake, na keshokutwa. Kila mara, pigo la tatu. Tukawa hatuutaji mlio huo. Maître aliendelea kuchora, Radjabu akaanza kuufanyia mzaha akisema ile treni inamdai yeye nauli, mimi nikaandika saa. Mchana tulikula pamoja, bukari na sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na Radjabu alikuwa na namna ya kufumba macho na kusema sasa ninaonja chumvi ya mwaka jana. Mkuu wa stesheni alikuja kula nasi siku zile alizokuwa na njaa kuliko hadhi. Alileta habari: waasi wanakuja, hawaji, wamefika mtoni, wamerudi, ndege zimeshusha askari kule kambini, vijana wa mtaa wa Katuba ya reli wameokotwa na askari wakitoka kuoga. Maître alisema vita ni kama mchoraji mbaya, akikosea anaongeza rangi. Sikuwa nikisema, lakini nilikuwa najua kila mtu anatafuna upande gani. Siku moja Radjabu aliniuliza, bila mzaha, kama mimi husikia ule mlio ukitoka nje au ukitoka ndani ya ubao. Nikapandisha mabega. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiusikia kwenye kidole.

Sasa nifike kwa nkambo Monga, bibi wa kanisa letu. Huyu alikuwa mwanamke mzee aliyefagia kanisa, mvuta ugoro, mkali kwa mbuzi na kwa wanakwaya sawasawa. Asubuhi moja nilikuwa stoo nimeurudisha ubao kwa muda, kwa kuogopa mjomba atafungua harmonium, na kabla ya kuufunika nikaupapasa mara moja tu, kwa tamaa. Ufagio ulinyamaza mlangoni. Nkambo Monga alitazama, akapiga chafya yake, akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Ile iko mukono ya kwenda. Na ya kurudia iko wapi?" Akaeleza kwa kuchoka, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuosha sufuria. Mama yake alikuwa miongoni mwa wale waliousoma. Mama yake alisema kushoto ni kusindikiza: ukiimba njia kwa mkono wa kushoto, unayemwimbia anakwenda. Kwa hiyo lazima ugeuze ubao mkononi, uimbe njia ileile kwa mkono wa kuume, kutoka chini kwenda juu, ili arudi. Kushoto peke yake huimbiwa wafu. "Uambie benzako," akasema, na kabla hata hajageuka alikuwa ameanza kumtukana mbuzi.

Nilikwenda kwa Maître na hilo neno mdomoni. Naweza kuonyesha kwenye daftari: "Leo nitasema." Chini yake, kesho yake: "Leo." Kesho yake tena: "Radjabu alikuwa na furaha, sikutaka." Kusema kungemaanisha kukiri kwamba mkono wangu ulikuwa na kosa tangu mwanzo, kungemaanisha kupapasa kwa mkono wa kuume mbele yake, nikibabaika. Labda kungemaanisha kuanza upya, na picha ilikuwa karibu kwisha, na watu walikuwa wameanza kupenyeza vichwa mlangoni kuitazama. Nilijiambia ni maneno ya mwanamke wa ugoro. Ilikuwa jambo la dakika moja, na niliiacha dakika hiyo ipite siku baada ya siku, karibu mwezi mzima.

Ndipo treni ya kweli ikaja. Iliingia asubuhi bila kulia, ikivunja nyasi, mabehewa ya mizigo yamejaa askari wa kwenda kaskazini. Kamanda wao alishuka kunyoosha miguu, akasikia gitaa, akafuata sauti mpaka kijumba cha taa. Alikuwa mtu mpole. Alisimama mbele ya kitambaa akiwa amevua kofia, akatafuta kwa kidole mahali stesheni ilipo, akacheka kama mtoto alipoiona. Akasema askari wake hawajasikia muziki tangu watoke kwao. Angependa waisikie ngoma hii, na angependa kijana huyu aende nao, kwa majuma mawili tu, awachezee jioni, kisha atarudishwa na treni hiihii. Aliuliza kama anayeomba, lakini askari wawili walikuwa wamesimama mlangoni na bunduki. Radjabu alimtazama Maître. Maître alitazama picha yake. Nimekufikiria sana kutazama kule: ilikuwa mara ya kwanza kazi yake kuombwa na mtu asiyeuza dawa wala kunyoa nywele. "Majuma mbili haiko kitu," akasema.

Tuliicheza kwenye jukwaa la stesheni. Walitundika kitambaa ubavuni mwa behewa, kwa misumari. Askari walikaa mlangoni miguu ikining'inia, wengi wao wa umri wangu. Mimi nilikaa kwenye debe langu na ubao, kwa sababu Radjabu alisema bila kidole cha Secrétaire anapotea njia. Nilipouinua, nkambo Monga alikuwa amesimama ng'ambo ya reli na ufagio, katikati ya watu. Hakufanya ishara. Nilijua kabisa alichokuwa akingoja. Nilihamisha ubao, nikajaribu kuweka kidole cha kuume, kikaruka shanga, na askari mmoja akacheka, na Radjabu akaninong'oneza, "Mukono yako, Secrétaire. Ile yako." Nikarudisha wa kushoto. Tukaenda kutoka juu hadi chini, tangi la maji, soko, kanisa, msikiti, reli, na sikuwahi kumsikia Radjabu akicheza vile. Tukafika kwenye tundu. Akafunika nyaya. Mapigo yote manne nilingoja ule mlio, nilikuwa hata nimeinamisha kichwa kuupokea. Haukuja. Hapakuwa na ndege, wala kikohozi, wala mtoto. Treni ilikuwa imeshafika. Ingelia kwa sababu gani tena?

Radjabu alipanda behewa la tatu na gitaa mgongoni. Wakati wanang'oa misumari ya kitambaa alijiinamisha kutoka mlangoni akaniambia, "Andika saa." Nikaandika. Saa saba kasoro robo. Halafu nikatazama mabehewa yakipita kwenye nafasi tupu kati ya tangi la maji na miti, moja moja, na nikajikuta ninahesabu mapigo.

Majuma mawili yakawa mwezi. Treni ilirudi, na kamanda mwingine, na hakuna aliyemjua kijana wa gitaa. Tukauliza kila aliyepita: majeruhi, mafundi, akina mama waliotembea kutoka kaskazini na vyungu kichwani. Baba yake Radjabu alikuja kijumba cha taa siku moja baada ya sala ya adhuhuri, amevaa kanzu safi. Hakulaumu. Aliomba aonyeshwe gitaa lilikuwa linakaa wapi, Maître akamwonyesha kulabu, na yule mzee akaishika kulabu ya kumi na nne kwa vidole viwili, kama unavyoshika sikio la mtoto. Kisha akanigeukia. Akaniuliza, "Binti yangu, uliandika kila kitu. Kuna kitu hukuandika?" Nilitikisa kichwa kukana. Mwaka ulianza kwa kutikisa kichwa na ulikwisha hivyohivyo. Kabla ya mvua Maître alikunja picha yake akahamia Luena kwa ndugu zake, bila kuniaga. Ubao niliurudisha ndani ya harmonium na gazeti lake; stoo ilipoporwa, harmonium ilibebwa, na kilichokuwa ndani kikabebwa nayo.

Numbi alipoamka tulisukuma viti ukutani tukafungua turubai. Kitambaa kilikuwa kirefu kuliko sebule yangu, ikabidi kichwa cha picha kipandishwe ukutani. Rangi zilikuwa zimefifia kidogo tu. Nililiona tangi, nikauona msikiti, nikaona kibao cha kanisa na ile herufi aliyoiacha katikati. Na mahali pa tundu, pale palipokuwa kitambaa kitupu na maandishi ya unga, palikuwa na uso wa mwanamume wa makamo, ana mvi juu ya masikio, amefumba macho kidogo kama mtu anayeonja kitu. Sikumjua. Kisha nikamjua. Uso ule haukuwa usawa mmoja na picha nyingine. Ulikuwa umeinuka, umevimba kama kidonda kilichopona vibaya. Numbi alinieleza huku akitazama sakafu. Kila kiangazi baba yake alikitandaza kitambaa akachora mahali pale pekee. Hakufuta uso wa mwaka uliopita, aliweka mpya juu yake, mkubwa kwa mwaka mmoja. Mkewe alipomwambia aache, alijibu, "Mutoto anakomaa kule. Siwezi kumuacha na miaka makumi mbili." Wa mwisho aliuchora akiwa tayari hawezi kusimama.

Basi nikasema. Baada ya miaka yote hiyo, kwa mtoto wa watu ambaye alikuwa hajazaliwa. Nilimwambia juu ya nkambo Monga na ufagio, mkono wa kwenda na mkono wa kurudi, na jinsi nilivyojua nikanyamaza. Nilisema kwa sauti mpaka nikaisikia ikigonga bati. Numbi alizungusha bangili yake. Halafu akasema, "Mama Ngoie, baba alijua. Yule nkambo alimuambia na yeye, siku ileile. Baba alisema mulikuwa babili, kila mumoja alikuwa anangojea mwenzake aseme."

Nje watoto walikuwa wakisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa, wakibishana. Kisha nikavua viatu, nikapiga magoti upande wa chini wa kitambaa, nikaweka kidole cha kuume pale tulipokuwa tukimalizia. Nilianza kuimba ile ngoma kinyume, kutoka mwisho wake. Kidole kilibabaika. Kiliruka nyumba, kikarudi, kikatafuta reli na kuipoteza, na hakuna aliyenicheka. Nilifika kwenye uso ule ulioinuka, nikanyamaza kama inavyotakiwa. Moja. Mbili. Kwenye la tatu Numbi aliinua kichwa akatazama dirisha. "Leo kuko treni ingine?" akauliza. Nikamwambia hapana, mpaka keshokutwa.

Kidole changu kilikuwa kimezama. Juu rangi ilikuwa na ngozi kavu, chini yake ilikuwa mbichi na yenye joto, na nilipokiondoa kilikuwa cheusi hadi kwenye kiungo cha kwanza. Nilimaliza njia yote hadi juu, nikiacha doa kwenye msikiti, kwenye soko, kwenye tangi la maji. Ilikuwa saa saba kasoro robo, saa ileile aliyoondoka Radjabu. Haya yote nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kuume bado una rangi, na sijaunawa.